Bwana Aliniokoa kwa Ngozi ya Sangara

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na ninyi wa mbele, na ninyi wa karibu na mlango mnaojifanya mmechelewa! Mimi ni Tabitha, mzaliwa wa Nansio kule Ukerewe, mwalimu wa kemia hapa chuoni Mwanza. Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa kwenye aibu na kwenye kiburi. Na katika hivyo viwili, kiburi ndicho kilichonielemea zaidi.

Ndugu zangu, kwa miaka sita nilitafiti ngozi ya sangara. Mnajua samaki akishatolewa minofu kiwandani, ngozi hubaki lundo. Nikagundua namna ya kuisindika kwa magome ya miti mpaka ikawa laini, imara, yenye marembo kama imechorwa kwa mkono. Nikapata udaktari. Nikaandika makala, nikapigiwa makofi kwenye makongamano. Lakini niwaambie ukweli, ngozi zote nilizotengeneza zingeenea kwenye begi la mtoto wa shule! Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuvaa utafiti wangu.

Kisha chuo kikafungua ofisi ya kuwasaidia watafiti kugeuza kazi zao kuwa bidhaa. Wakaniita. Wakanipa chumba, matangi mawili na muda wa mwaka mmoja. Tengeneza kitu ambacho watu watanunua, wakaniambia, nasi tutakuombea hataza, ile hati ya serikali inayolinda ugunduzi, kisha tufungue kampuni. Nilitoka pale nikijiona nimeshafika. Hata sikuomba, ndugu zangu! Niliona ya nini kumsumbua Mungu kwa jambo ninalolijua mwenyewe?

Nikamtafuta fundi viatu, tukashona jozi ishirini za viatu vya ngozi hiyo. Watu walivipenda! Walimu wenzangu wakanunua, wazee wa kanisa wakanunua. Jozi moja nyeusi nikampa Mchungaji wetu, tena nikamkabidhi hapahapa mbele ya kanisa zima ili wote mwone.

Halafu masika yakaingia.

Mnaikumbuka ile Jumapili! Mchungaji alikuja kwa miguu kwenye mvua, akapanda madhabahuni na viatu vimelowa chapachapa. Hakuwa amemaliza kusoma andiko nilipoisikia harufu. Harufu ya samaki aliyeoza! Waimbaji wakaanza kutazamana. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, nani ameleta samaki furu kanisani?" Mchungaji, Mungu akubariki, ulihubiri mpaka mwisho, ukasogea tu upande wa dirisha.

Jumatatu nikakuta mifuko ya plastiki imening'inia kwenye kitasa cha mlango wa ofisi yangu. Viatu vimerudishwa. Wanafunzi wakanipa jina, Daktari Sangara. Ile ofisi ya chuo ikaniandikia barua ya upole lakini yenye makali: nilete bidhaa isiyonuka kabla muhula haujaisha, la sivyo chumba apewe mtafiti mwingine. Nikarudia vipimo vyote, nikaongeza magome, nikaongeza siku za kuloweka. Wapi! Kila ngozi ikipata maji, inanuka. Nyumbani nikawa mkali, mume wangu akiniuliza habari za kazi namjibu kama nimechomwa mwiba. Nikaacha kuja ibadani. Ningekaaje hapa, na wewe Mchungaji unanisalimia kwa tabasamu?

Ndugu zangu, siku moja adhuhuri nilipiga magoti katikati ya yale matangi. Nililia. Nikasema, "Bwana, mimi ni msomi, lakini sijui nimekosea wapi. Nionyeshe, hata kwa njia itakayoniaibisha." Nilitamka hivyo kwa kinywa changu mwenyewe!

Na Bwana hakukawia. Kesho yake nilikwenda mtaa wa Mabatini kumwambia fundi aache kazi, nimebeba mfuko wa viatu vilivyorudishwa. Njiani nikapita kwa mama mmoja anayekaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kiwandani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba." Kisha akageuza uso kutoka kwenye karai lake.

"Mwanangu, huyo samaki uliyembeba alilala juani."

"Si samaki, mama. Ni viatu."

Alicheka mpaka akakaa chini! Nikamwonyesha. Akakishika kiatu kimoja, akakinusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na kicheko kikamwisha.

"Huyu alilala juani kabla hujamgusa. Mimi mapanki ya hivyo siyanunui. Mafuta yakishachacha hayatoki, hata ukaange mpaka kesho. Ngozi unachukua saa ngapi?"

Kanisa, nilitaka kumwambia kwamba mimi ni daktari wa kemia. Neno lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Bwana akanifunga mdomo! Hapo nikakumbuka. Wakati wa utafiti nilinunua sangara mwenyewe mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, alfajiri, wabichi kabisa. Kwa ajili ya viatu nilihitaji ngozi nyingi, nikawa nachukua kwenye lundo la kiwandani, mchana. Katika kitabu changu chote cha udaktari hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema ngozi iwe ya saa ngapi. Sikuandika kwa sababu sikudhani ni jambo!

Mama huyo anaitwa Mama Minza. Nilimwomba aje chuoni. Nikamwekea ngozi kumi, nyingine mbichi, nyingine za juani, nimezichanganya, naye akazitenga kwa vidole na pua. Nikazipima mafuta kwa mashine. Hakukosea hata moja! Ndipo tukaanza upya, yeye na mimi. Ngozi ikitoka kwenye kisu inaingia kwenye chumvi na barafu saa hiyohiyo. Tunaiosha mafuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mara mbili, na Mama Minza asiporidhika, mara tatu. Kisha ndiyo magome.

Viatu vilipokamilika tuliviloweka kwenye ndoo siku tatu. Siku ya nne nikampelekea mume wangu, naye akaingiza pua yote ndani ya kiatu. "Mke wangu," akasema, "kinanuka kiatu!" Haleluya! Tulicheza pale sebuleni kama watoto!

Chuo kikamwita mfanyabiashara wa viatu wa hapa mjini, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa na anayekuamkia kwa Kisukuma, mwangaluka. Aliomba jagi la maji, akalimimina lote ndani ya kiatu, akasubiri, akanusa. Akasema, "Leteni vya duka zima." Leo kampuni ipo. Hataza ni ya chuo, kampuni imepewa leseni ya kuitumia, na sehemu ya mapato inarudi maabara kusomesha watafiti wengine. Akina mama tisa wa Mabatini wameajiriwa. Na Mchungaji, mtazameni miguuni! Amevuka madimbwi asubuhi ya leo!

Lakini nimewawekea jambo moja. Tulipokuwa tunajaza maombi ya hataza, palikuwa na nafasi ya kuandika majina ya wagunduzi. Nikaandika langu, nikaandika na la Mama Minza. Kijana wa ofisi akauliza, "Huyu ana elimu gani?" Mkuu wake akamjibu kabla yangu: "Sheria haiulizi cheti. Inauliza nani aligundua." Nilipompelekea Mama Minza nakala, aliomba nimsomee. Nikasoma. Akaniambia nirudie, polepole. Akaweka kidole juu ya jina lake, mikono ingali na mafuta ya karai, akasema, "Kumbe na mimi nimo."

Mama, simama watu wakuone!

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenijibu kupitia mtu ambaye kiburi changu kisingekubali kumuuliza lolote. Kama umesoma na umekwama, piga magoti, kisha inuka ukaulize watu. Na wewe unayedhani hujui kitu kwa sababu hukumaliza darasa, mwamini Bwana, alichokupa si kidogo. Milango ya ofisi yetu iko wazi Jumatano asubuhi. Njoo na tatizo lako, njoo na ujuzi wako. Mama Minza atakupokea, na uje umeoga, maana yule mama atakunusa! Amina, kanisa, amina!