Mume Wangu Analipwa Kulala

Bibi Zipora: Haloo? Haloo! Nani huyo anayekwaruza tu bila kusema?

Octavian: Ni mimi, bibi. Shikamoo.

Bibi Zipora: Mimi nani? Wakina mimi wako wengi.

Octavian: Octavian, bibi! Mjukuu wako. Dereva.

Bibi Zipora: Aaa, mume wangu! Marahaba, marahaba. Mbukwa! Kumbe bado unamkumbuka mkeo wa Hombolo? Nikajua umeshapata kimwana huko Kigali.

Octavian: [anacheka] Nimpate wapi, bibi, na lori hili nalo linataka—

Bibi Zipora: Uko wapi?

Octavian: Kintinku hapa. Nimeshusha mzigo huko Kigali, narudi. Sikia, bibi, ule mlenda...

Bibi Zipora: Uko jikoni. Nimeutia karanga kama unavyopenda. Na ugali wa uwele. Unafika saa ngapi?

Octavian: Sasa hivi tu. Nachanja mbuga, gari naliacha Dodoma, nadandia boda. Nisingekuwa na hii habari ya [mtandao unakwaruza] ...zika hapa...

Bibi Zipora: Kuzika? Nani kafa?

Octavian: Kupumzika, bibi! Ku-pu-mzi-ka. Kampuni imetupa mkataba mpya. Zamani tulilipwa kwa tripu. Ukiwahi kurudi, unapewa nyingine. Ukilala njiani, unalala njaa. Sasa tuna mshahara wa mwezi, na saa za kupumzika nazo zinalipwa. Hapa Kintinku ndipo natakiwa kupaki, nilale kwanza.

Bibi Zipora: Ngoja. Ngoja kwanza. Unalipwa kulala?

Octavian: Ndiyo.

Bibi Zipora: Kulala kabisa, macho yamefumbwa?

Octavian: Usingizi wenyewe, bibi.

Bibi Zipora: Na ukikoroma wanaongeza?

Octavian: Bibi bwana!

Bibi Zipora: Basi babu yako angekufa tajiri. Haya, na sisi je? Mimi ndiye nakesha hapa nasikilizia kama umefika, mbona sipewi hata chumvi?

Octavian: Si yupo Evelina wetu huko Mtumba? Anasema wizarani kwao wanazungumza kampuni zote zilazimishwe kulipa hivi. Eti ajali zitapungua.

Bibi Zipora: Evelina huyo huyo aliyekuwa hawezi kuosha sufuria? Mwambie wakiandika sheria yao, wasisahau bibi za madereva. Zamu yetu ni ndefu.

Octavian: Nitamwambia. Ila barabarani huku wanatucheka, bibi. Sasa hivi tu Masudi kanipita na lori la tajiri wake, kapiga honi, anapiga kelele dirishani: "Lala salama, bibi harusi!"

Bibi Zipora: Na huyo Masudi analipwaje?

Octavian: Bado kwa tripu.

Bibi Zipora: Mhm. Hicho kinachonguruma hapo ni nini?

Octavian: Gari.

Bibi Zipora: Si umesema unapaki?

Octavian: Nimesimama pembeni, bibi. Sijazima tu.

Bibi Zipora: Umeshalala, au hujalala?

Octavian: Sasa bibi, ni hapo tu! Nikipita Bahi nimefika. Mguu umeshazoea kukanyaga, macho mazima kabisa, na kahawa nimekunywa. Nikianza kulala hapa nitakuta mlenda—

Bibi Zipora: Octavian.

Octavian: Naam... Leo unaniita jina?

Bibi Zipora: Baba yako mdogo, Meshack. Yeye alikuwa analipwaje?

[Mtandao unakwaruza.]

Octavian: Kwa tripu, bibi.

Bibi Zipora: Alinipigia hivi hivi. Akasema, "Mama, ni hapo tu, injika maji ya ugali."

Octavian: Sikujua kama alikupigia.

Bibi Zipora: Nikainjika. Yakachemka mpaka yakakauka. Haya. Zima gari.

Octavian: Na mlenda je?

Bibi Zipora: Mlenda ukilala tutachuma mwingine. Zima, nisikie.

Octavian: Nimezima.

Bibi Zipora: Muongo! Kuna kitu bado kinalia.

Octavian: Mbuzi hao, bibi! Wanavuka barabara!

Bibi Zipora: Mbuzi wapite. Panda kwenye hicho kitanda chako cha nyuma ya kiti. Vua viatu.

Octavian: Nimevua.

Bibi Zipora: Vyote viwili?

Octavian: [anacheka] Haya, na cha pili hicho.

Bibi Zipora: Na pazia vuta, jua lisikupige usoni.

Octavian: Nimevuta. Bibi, dakika zangu zinakaribia kwisha, acha nikate, nitakupigia nikia—

Bibi Zipora: Usikate! Ziache ziishe zenyewe. Nikupe habari. Yule mbuzi wako mweusi kazaa mapacha.

Octavian: Kweli? Wote wazima?

Bibi Zipora: Wazima. Mmoja ana doa jeupe hapa kwenye paji, mtundu kabisa, tabia zako zote. Jana kaitafuna kanga yangu pale kwenye kamba.

Octavian: [sauti nzito] Pole, bibi...

Bibi Zipora: Kile kitenge cha kanisani nimekificha ndani. Halafu zabibu mwaka huu zimeshika vizuri, ila ndege, jamani, ndege! Nimewafungia makopo, wakitingisha yanalia. Siku mbili tu, wakayazoea. Sasa wanatua juu ya kopo lenyewe...

Octavian: Mmh...

Bibi Zipora: Penina hapa nyumbani anasema niweke mtu wa majani, nimvalishe koti la babu yako. Nikamwambia koti lile hata babu yako mwenyewe akilivaa, ndege hawakumwogopa.

Octavian: Mm.

Bibi Zipora: Octavian?

[Mkoromo.]

Bibi Zipora: Mume wangu?

[Mkoromo mrefu, wenye mkwaruzo.]

Bibi Zipora: Hee! Huyo kaanza. [kwa kunong'ona] We Penina! Penina! Zima hiyo redio. Na huyo jogoo mfukuze huko nyuma ya zizi. Nyamazeni jamani, mtu yuko kazini.

[Dakika zinakwisha.]