Mzee Ngusa na Betri ya Zahanati

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Ngusa Ndaki wa Mwamkulu, aliyekuwa akichaji betri. Alifariki Jumanne, akazikwa Jumatano. Nyie mnaotusikiliza huko pembezoni mwa Mpanda, huenda hata hiyo redio inaongea kwa moto aliouweka yeye.

Alikuja na ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani. Ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa, akabaki na mashine ya kusaga. Ubavuni mwa mashine akafunga dainamo ya lori, na ukutani akapigilia ubao wenye mita mbili za mshale. Moja ya volti, ya kupimia betri. Nyingine ya ampea, ya kuonyesha moto unavyoingia. Mshale wa ampea ukiwa juu, betri ina njaa. Ukishuka, imeshiba. Ndivyo alivyoelekezwa, na ndivyo alivyoamini.

Hakuna mteja aliyeondoka bila kuonyeshwa mshale wa volti umesimama kumi na mbili, dalili ya betri iliyojaa. "Nionyeshe kumi na mbili yangu," walimwambia, na yeye aliwaonyesha.

Mwaka 1996, wakati wa masika, aliletewa betri ya zahanati moja upande wa Litapunga. Ilikuwa ya simu ya upepo, ile ya kubonyeza ndipo useme. Mshale wa ampea ulishuka mapema sana. Mkewe, Mama Nyanzala, anakumbuka: "Alifurahi. Akaniambia, mke wangu, hii betri ina adabu, imekula upesi ikashiba."

Wiki hiyohiyo binti yao, Monika, alishikwa na uchungu akiwa kwenye zahanati hiyo. Mtoto alikwama. Nesi Goreth akabonyeza simu kuita gari la wagonjwa kutoka Mpanda, na simu ikazima. Akamtuma mtu wa baiskeli kwa Mzee Ngusa. "Betri yako haina kitu, mzee. Na aliyeko kitandani ni Monika."

Mzee aling'oa mita ya volti ubaoni, akafika nayo mfukoni. Akapima. Kumi na mbili. Akasugua vichwa vya betri, akapima tena. Kumi na mbili.

"Nesi, moto upo."

"Kama upo, mbona simu imekufa?"

"Hebu bonyeza."

Nyaya za mita zilikuwa bado zimeshika betri. Goreth alipobonyeza, mshale ulianguka mpaka sita. Alipoachia, ukapanda tena kumi na mbili, kama vile hakuna kilichotokea. Mzee alikodoa macho. Miaka yote alikuwa akipima betri zilizopumzika. Hakuwa amewahi kupima betri ikiwa kazini.

"Sasa hapa muongo nani?" akauliza. "Mita au betri?"

"Mzee wangu, mimi nataka gari."

Wakaazima betri ya Gelasius, mwenye duka, aliyokuwa akipigia muziki. Nayo ikasoma kumi na mbili, sawasawa na ile mbovu. Mzee hakujua tena aamini nini. Akamwambia Goreth abonyeze, na yeye akaogopa kutazama. Mshale ulishuka kidogo tu, ukasimama. Mpanda wakaitika. Gari lilikuja, ila njia ilikuwa tope tupu.

Monika alipona, wasikilizaji. Mtoto hakupona.

Baada ya hapo Mzee alikaa mbele ya ule ubao wake, anatazama tu. Kila dereva wa lori aliyepita alimuuliza. Mmoja akamwambia: betri iliyochakaa haipokei moto, ndiyo maana mshale wa ampea unashuka mapema. Ni kama mtoto mgonjwa anayesukuma sahani, nawe ukadhani ameshiba. Mzee aliitikia, lakini akabaki na swali: sasa nitazijuaje?

Akatafuta taa kubwa ya lori. Tangu siku hiyo, betri haikutoka kwake mpaka awashe ile taa nayo, huku akitazama mshale wa volti kama utasimama au utaanguka. Wateja walinung'unika. Bwana Josephat ndiye aliyezidi. "Mzee, nimekuletea uniwekee moto, wewe unauchoma mchana kweupe? Unatafuta nini na hilo taa, unawinda sungura?"

"Vumilia kidogo, baba. Tazama mshale, achana na taa."

Sababu hakuwaambia kamwe.

Monika anasema, "Hata mimi hakuniambia neno. Lakini kila akiwasha ile taa, nilikuwa najua anamtafuta nani."

Juzi, baada ya mazishi, Josephat alifuata betri yake. Mama Nyanzala akawasha taa. Josephat alishika waya mwenyewe, akatazama mshale mpaka mama aliposema basi.

Mama Nyanzala, Monika, na ukoo wote wa Ndaki, poleni sana. Mungu awape nguvu, naye mzee apumzike.

Na wewe msikilizaji, jioni hii mkiketi kula, yuko mmoja hapo atasukuma sahani na kusema ameshiba. Mtazame mara ya pili.