Wijdan Kaomba Kitabu

Benchi lenyewe halina maajabu. Ubao mmoja mrefu juu ya miguu ya chuma, nje ya duka la Mhindi anayeshona kanzu, katika mtaa wa Hamriya, nchi ya Waarabu, kwenye uchochoro unaotokea maduka ya simu. Miezi ya joto hulaliwa na paka, na hata paka wenyewe hulilalia asubuhi tu. Lakini Novemba hiyo ya mwaka 2007 joto lilikuwa limeshavunjika, na wenye benchi wakawa wanarudi mmoja mmoja kila baada ya sala ya alasiri, wanakumbatiana kama mahujaji, na ukweli ni kwamba hakuna aliyesafiri: wote walikuwa majumbani mwao wamejifungia na AC. Alikuwapo Hamoud, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimwi, mwenye chupa ya kahawa ya hiliki anayotiliwa na mkewe Masouda. Alikuwapo Majid, fundi wa AC kutoka Wadi Kabir, anayeitwa Barafu. Alikuwapo Sleyum, mzaliwa wa Tabora, waliyemwita Wakili ingawa sheria hakuisoma, kwa sababu hata salamu yeye huifanya kesi. Na alikuwapo Amur, anayeitwa Mkutubi kwa kuwa nyumbani ana vitabu. Tuseme alikuwa navyo. Alikuja navyo arubaini kutoka Unguja, lakini kilipopita kimbunga Gonu mwezi wa Juni maji yakaingia sandukuni, vikapona vitatu.

Jumatano hiyo, wikiendi inaanza, maana huko mapumziko ni Alhamisi na Ijumaa, Amur alikuja na hivyo vitatu ndani ya mfuko wa plastiki, akavipanga katikati ya benchi, pale panapokaa chupa. Hamoud akakasirika.

– Sasa chupa nitaiweka wapi? Kichwani?

– Nisaidieni kwanza, akasema Amur. Mwanangu Wijdan kaniletea meseji. Anarudi leo magharibi kutoka bwenini. Anasema: Baba, nichagulie kitabu kimoja katika vile vyako, nisome wikiendi hii.

– Wijdan huyu wa uhandisi?

– Huyo huyo. Nchague kipi?

Msimcheke Amur. Binti ana miaka ishirini, yuko chuo kikuu Al Khoud, na tangu aingie bwenini mazungumzo yao yamekuwa ni umefika, nimefika, umekula, nimekula. Kaka yake Fahd aliwahi kupewa kitabu, siku alipomaliza skuli. Akashukuru vizuri, akakitia chini ya mguu wa meza ya televisheni iliyokuwa ikiyumba, na meza ikatulia. Amur kila alipotazama habari alikiona, na kila alipokiona roho ilimwuma. Huyu wa kike kaomba mwenyewe, bila kusukumwa. Akipewa kibaya hataomba tena. Hilo ndilo lililomkosesha Amur usingizi wa mchana.

Vitabu vyenyewe ni hivi: kimoja riwaya nene ya ukoo wa mashamba ya karafuu, kurasa mia nne. Cha pili hadithi ya upelelezi, jalada jekundu, mtu kavaa miwani ya jua na nyuma yake ni usiku. Cha tatu diwani ya mashairi, iliyozaliwa nyembamba ikavimba kwa maji ya Gonu.

– Mpe mashairi, akasema Majid, hata kukifungua hakukifungua. Mtu kakaa miezi mitano ndani ya AC, humpi kitabu kizito wiki ya kwanza ya baridi. Hata mashine, ikilala sana ukaiwasha kwa nguvu, inaungua.

– Wewe kila kitu mashine, akasema Hamoud.

– Si mashine ndizo zilizotuharibu? Nyinyi mnadhani AC inapoza chumba tu. Inapoza na akili! Mie nazitengeneza mwaka wa kumi na nane huu, nnajua nnalosema. Zikizimwa, akili zinayeyuka pole pole. Ndiyo maana mtoto kaamka kaomba kitabu. Si mapenzi ya kusoma, ni hewa.

Amur hakupenda. Mtoto wake amkumbuke kwa sababu ya hewa? Lakini hakuweza kukataa moja kwa moja, maana yeye mwenyewe Ijumaa iliyopita alizima AC kwa mara ya kwanza tangu Juni, akafungua dirisha, akakaa na kitabu. Na alipofungua ukurasa aliusikia. Ukurasa una sauti, jamani, na miezi mitano alikuwa kaisahau. Alikaa pale mpaka adhana ya magharibi, vidole vikavu, havigandi kwenye karatasi, na akafurahi kwa jambo dogo kama hilo hata akaona haya kumwambia mtu.

– Hewa nini! akasema Hamoud, huku akimimina. Mtoto wa kike kaacha mahesabu yake kaulizia kitabu cha Kiswahili. Hapo pana mchumba.

Amur alishtuka, kahawa ikammwagikia kanzu.

– Mchumba gani?

– Wa kwetu, wa Unguja. Na mama yake mkali, anataka mke wa mwanawe awe na Kiswahili cha ndani, si hichi chao cha lete maji, funga mlango. Mpe hichi kinene. Humo mna harusi ngapi?

– Tatu, akasema Amur. Na talaka mbili.

– Basi! Atajua pa kusimama na pa kunyamaza.

– Kurasa mia nne kwa siku mbili? akauliza Majid.

– Mtandikie mkeka darini baada ya alasiri. Chai ya tangawizi, mkate wa ufuta, upepo unashuka kutoka mlimani. Mbona atazimaliza na zaidi atataka.

– Darini kuna vumbi, akasema Sleyum. Kitabu kinasomwa kitandani. Dirisha wazi, na lile blanketi la kwanza la mwaka, jepesi, unalivuta mpaka kifuani na miguu unaiacha nje. Hapo hata kitabu kibovu kinakuwa kitamu.

Kwa hilo walikubaliana wote, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kila mtu akawa yuko na blanketi lake. Kisha Sleyum akakohoa, na anapokohoa hivyo ujue mahakama imefunguliwa.

– Lakini tusidanganyane. Hivi ninyi hamjiulizi? Maktaba ya chuo ina vitabu kwa maelfu. Kwa nini aseme katika vile vyako? Kwa nini vya baba?

– Kwa nini? akauliza Amur, akasogea karibu, maana swali hilo lilikuwa likimla yeye mwenyewe tangu asubuhi.

– Kuna kitu anakitafuta humo. Zamani watu walificha nini ndani ya vitabu?

– Wadudu, akasema Majid.

– Barua! Mzee huyu alikuwa kijana Unguja. Alikuwa na nywele. Alikuwa na baisikeli. Mtu mwenye nywele na baisikeli akose wa kumwandikia?

– Mie sikuwa na barua ya mtu yeyote, akasema Amur.

– Mshtakiwa amekana, akasema Sleyum, akakamata kile chekundu akakiinamisha akakitikisa.

Ukaanguka mchanga, kisha karafuu moja kavu. Wakaitazama kwa heshima, utadhani imetumwa kutoka ikulu.

– Hiyo hapo! akasema Hamoud. Karafuu ya nani hiyo?

– Ya mama yangu. Alizitia mwenyewe, dawa ya mende.

– Wote husema mende, akasema Sleyum, na akaitia karafuu mfukoni kama kielelezo.

Amur akaichukua tena. Alianza kuona kwamba saa inakwenda na kitabu hakijachaguliwa. Jua limeshaliacha benchi limepanda ukuta wa duka la simu.

– Wazee, kipi? Anafika magharibi!

– Ngoja! akapiga kelele Hamoud, akasimama na chupa mkononi. Nimeshajua! Wallahi nimeshajua! Vitabu arubaini viliingia maji, sivyo? Vikafa thalathini na saba, vikapona vitatu. Kwa nini vitatu hivi? Karatasi! Karatasi yake si ya kawaida. Na mtoto anasoma nini? Uhandisi! Huko chuoni wameshang'amua. Wikiendi atakisoma kwa darubini, Jumamosi anakipeleka kwa mwalimu wake, na mwakani utasikia kimefunguliwa kiwanda Rusayl, kinatoa karatasi isiyolowa. Gonu ije, isije, watu wanasoma!

– Na kiwanda hicho kitataka AC, akasema Majid taratibu. Kubwa.

– Shikamooni wazee. Nani anafungua kiwanda Rusayl?

Aliyeuliza alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene kidogo, kasimama mlangoni kwa yule Mhindi mshonaji na karatasi yake ya kuchukulia suruali. Aliambiwa bado pindo moja, asubiri. Jina lake Shomari, mtu wa Tanga, dereva wa lori la biskuti huko huko Rusayl, na Kiswahili alichokisikia kilimvuta hata hajijui. Wakamsogezea nafasi, wakampa kikombe. Hamoud akamhadithia yote kwa pumzi moja: meseji, AC, mchumba, barua, karafuu, karatasi isiyolowa.

Shomari alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwenye suruali, akakichukua kile kinene, akakifungua katikati, akasoma kimya kimya. Akacheka peke yake. Akafungua ukurasa wa pili yake, akacheka tena, kisha akakirudisha.

– Kitamu, akasema. Sasa samahanini, mimi mgeni. Huyo binti Kiswahili anajua kukisoma?

– Ah! akasema Hamoud. Anasema kuliko wewe! Kalelewa na bibi yake Shaikha, Mungu amrehemu, mzee aliyekuwa hajui Kiarabu cha kununulia nyanya!

– Kusema nimeelewa, baba. Nauliza kusoma. Hapa shule si mnasomesha Kiarabu?

– Ndiyo, lakini... akasema Hamoud, na redio ikakatika.

Jamani, benchi hilo limeshajibu kila kitu. Limeshaeleza kwa nini bahari ina chumvi na nani ataoana na nani Seeb. Lakini hilo la kusoma hakuna aliyewahi kuliuliza. Kila mmoja ana watoto, na watoto wote hao Kiswahili wanakisema asubuhi na jioni, wanagombana nacho, wanaombea ruhusa nacho. Na hakuna hata mmoja kati ya baba hao aliyewahi kumwona mtoto wake ana kitu cha Kiswahili mkononi anakisoma.

– Wangu anajua, akasema Majid, lakini kwa sauti ya kuuliza. Mutasim anajua. Ngojeni.

Akapiga simu nyumbani, akaiweka wote wasikie.

– Mutasim, mama yako kavaa kanga?

– Kavaa, Baba.

– Hebu nisomee ilivyoandikwa chini pale.

– Imeandikwa? akasema Mutasim. Mie nilidhani lile jina la kiwanda.

Siku nyingine wangecheka mpaka wamwage kahawa. Majid aliizima simu, akawa anaigeuzageuza mkononi. Sleyum alifungua mdomo atetee, akaona hana mteja. Shomari masikini akaanza kuomba radhi, kwamba yeye kauliza tu, wala hana maana mbaya.

– Hapana, akasema Amur. Umeuliza vizuri.

Akatoa simu yake. Akapiga. Wijdan akaitika mara moja, nyuma yake vicheko vya wasichana na ngurumo ya basi.

– Naam, Baba. Umeshanichagulia?

– Bado. Mwanangu, nataka nikuulize. Kiswahili unajua kukisoma?

Hamoud kainama mpaka kofia inamgusa Amur sikioni.

– Sijui, Baba, akasema Wijdan. Hujawahi kunipa nikajaribu.

Hakulalamika. Alijibu alivyoulizwa, na hapo ndipo palipomchoma Amur. Miaka ishirini mtoto kapita mbele ya sanduku lile la vitabu, kalikalia akivaa viatu, kafanyia mazoezi ya skuli juu yake, na yeye baba, Mkutubi mzima, hakupata hata siku moja kuinua mfuniko akamwambia njoo. Alitaka kusema kitu cha maana. Akajikuta anavikusanya vitabu.

– Baba? Upo?

– Nipo.

– Basi nichagulie chenye maandishi makubwa. Na wewe usende mbali, nitakuwa nakuuliza.

– Siendi popote, akasema Amur, na huku keshasimama, keshavirudisha vitabu vyote vitatu mfukoni, keshaacha kahawa yake juu ya benchi bila ya kumuaga mtu, anakata uchochoro kwenda kwake mbio mbio.