Herminia Nufable Faulan, Aliyeandika Aprili na Mei Tu

Baba Padri, walimu mliofundisha pamoja na marehemu, majirani wa hapa Miagao na ninyi nyote mliosafiri kwenye joto hili, familia imenipa mimi, Soledad, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, Herminia Nufable Faulan, ambaye wengi wenu mlimwita kwa heshima ya dada mkubwa, Manang Minyang, na naomba mnivumilie, kwa kuwa mwandishi alikuwa yeye, mimi ni mfumaji wa vitambaa tu, na angekuwa hai angekwisha kunikatia sentensi hii katikati.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa hapa Miagao, mkoani Iloilo, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Crispulo Nufable, aliyekuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya mji, na marehemu mama yetu Librada, ambaye kitanda chake cha mfumi ndicho ninachofumia hadi leo. Baba alikuwa mtu wa tarehe, mezani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema "juzi juzi" wala "zamani kidogo", kwa hiyo mkinisikia nataja siku na miaka msidhani najivuna, ndivyo tulivyolelewa.

Alianza darasa la kwanza Juni 1963, lakini kusoma alikuwa amekwisha kujifunza kwenye magazeti yaliyofungia samaki wakavu, na mama alipenda kusimulia jinsi siku moja mtoto alivyorudi peke yake sokoni kumuuliza muuzaji ukurasa unaofuata umefungia samaki wa nani. Alimaliza sekondari mwaka 1973, akaenda chuo cha ualimu mjini Iloilo, akahitimu Machi 1977, na tarehe 6 Juni mwaka huo huo akaanza kufundisha lugha katika shule moja ya sekondari ya mkoa huu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini, mpaka alipostaafu mwaka 2017.

Katika shule hiyo vitabu vya hadithi vilikaa kwenye kabati la kioo lililofungwa, ili visichafuke, na mwalimu mkuu wa wakati ule alijivunia sana usafi wake. Marehemu aliomba ufunguo mara saba, kwa adabu na kwa maandishi, na nakala za barua hizo ninazo. Mara ya nane hakuomba. Ilipofika likizo ya kiangazi ya mwaka 1979, vitabu sitini na viwili vilionekana barazani kwetu, juu ya benchi la mianzi, na watoto wamelala chini kila mmoja na chake, wakila maembe mabichi na uduvi wa chumvi, na vitabu hivyo vilirudi kabatini mwezi Juni vikiwa vyote sitini na viwili, vimenenepa kwa kushikwa, na vingine vikinuka ndizi za kukaanga. Alipewa barua ya onyo. Mwaka uliofuata akavichukua tena, na mwalimu mkuu akamtuma binti yake mwenyewe kuja kusoma.

Baraza hilo liliendelea kila Aprili na Mei kwa zaidi ya miaka arobaini, na humu kanisani naona nyuso za watu wazima wenye wajukuu waliowahi kulala pale kifudifudi. Sheria zilikuwa chache, ukianza kitabu kibaya unaruhusiwa kukiacha bila kujieleza, saa kumi jua likipungua kila mtu anakwenda kuogelea hata kama amebakiza kurasa mbili, na hakuna mtu, mkubwa kwa mdogo, anayeuliza kitabu kinatufundisha nini. Mkaguzi wa elimu aliyepita siku moja aliuliza, na marehemu akamjibu kwa upole kwamba anayetaka mafunzo Padri yupo, kanisa haliko mbali, pale barazani wanataka kujua nini kilitokea.

Vitabu vyake mwenyewe alianza kuviandika mwaka 1986, riwaya tisa kwa jumla, zote za vijana, zote kwa lugha yetu, na zote ziliandikwa kwa kalamu katika madaftari ya shule, kuanzia tarehe mosi Aprili hadi mwisho wa Mei. Tulidhani ni kwa sababu ya kazi, kwamba likizo ndiyo nafasi pekee aliyokuwa nayo, lakini alipostaafu bado hakuweza kuandika mwezi mwingine, alisema mvua zikianza watu wake wa hadithini huingia ndani na kufunga madirisha, naye hawaoni tena. Maoni yake juu ya uandishi aliyatoa bila kuombwa, jikoni, kwenye foleni ya posta, hata kwenye matanga ya watu. Alisema kijana husamehe kitabu kibaya lakini hasamehi kitabu kinachomdharau, na kwamba dhambi kubwa ya mwandishi ni kumwambia msomaji wa miaka kumi na tano kwamba maumivu yake yatapita, maana wewe ndiye uliyekwisha kuvuka, yeye yumo ndani ya maji.

Tarehe 27 Desemba 1984 alifunga ndoa katika kanisa hili na Wilfredo Faulan, fundi umeme wa melini, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Marivic, muuguzi, aliyekaa hapo mbele. Shemeji yangu alitumiwa kila riwaya kwa posta, sura baada ya sura, popote meli ilipotia nanga, na majibu yake yalikuwa mafupi, "Sura ya nne nimesinzia," basi, na marehemu alikuwa akikasirika siku mbili, kisha anaiandika upya sura ya nne. Wilfredo alitutangulia tarehe 19 Oktoba 2009.

Sasa nimefika mahali ambapo jamaa wengine walinishauri nipite haraka, lakini dada yangu hakupenda hadithi iliyorukwa, na mji mzima unajua, kwa hiyo nitasema mwenyewe. Kiangazi cha mwaka 1976, nikiwa na miaka kumi na sita, nilimpenda kijana aliyekuja na wapimaji wa barabara, na mwezi Juni akapanda meli ya Manila akiahidi kurudi, na mimi na dada tulisimama gatini Iloilo mpaka meli ikapotea. Hakurudi. Tarehe 9 Februari 1977 nilijifungua mtoto wa kike nyumbani, milango imefungwa, dada akiwa amekuja kutoka chuoni, na mtoto akaishi siku mbili. Baba yetu, aliyeandika kila mtoto wa mji huu katika daftari lake, huyo hakumwandika. Sikumlaumu wakati ule, simlaumu sasa, alikuwa anajaribu kunilinda kwa njia aliyoijua. Aliyejua yote ni Minyang tu, nilimsimulia mara moja, tukiwa tumelala mkekani mchana wa joto, nikamwambia tusiyazungumze tena.

Mwaka 1993 ukatoka *Gati la Aprili*, riwaya yake ya nne, ikapendwa kuliko zote, shule zikaanza kuitumia, na mwanamke mmoja sokoni akanifunulia ukurasa mmoja, ni mimi yule gatini, akanitazama usoni huku nikiusoma. Nilikuwa mama wa watu tayari, nina mume na heshima yangu. Sikwenda kumgombeza dada. Nilinyamaza tu, na nikanyamaza miaka kumi na mmoja, nyumba mbili kutoka kwake. Alinitumia wali wa nazi kwenye bakuli, nami nikarudisha bakuli limeoshwa na tupu, na ninyi mnajua bakuli tupu linasema nini. Akatuma tena wiki iliyofuata, na tena, sijui ni mabakuli mangapi.

Yeye kwa upande wake aliandika barua kwa mchapishaji, kitabu kisichapwe tena, kikiwa ndicho kinachopendwa kuliko vyote, na katika gazeti la Iloilo akaandika maoni ambayo walimu wengine bado wanayo, kwamba alikuwa akiamini mwandishi ana haki ya kila alichokisikia, na sasa haamini, kwamba sentensi nzuri si ruhusa, na kwamba hakuniomba kwa sababu aliogopa ningekataa. Jina langu hakulitaja. Mume wangu alinisomea, nikamwambia akunje gazeti tule.

Aprili 2004 nilivunjika mguu, nikalazwa nyumbani na plasta wiki sita katika joto, nikasoma kila kilichokuwa na maandishi, kalenda, magunia ya mchele, makopo ya maziwa, hadi siku moja nikamwita binti yangu Liezl nikamwambia nenda kwa mama mkubwa ukaniletee kile kitabu. Hakuniuliza kipi. Kumbukeni kwamba mpaka siku hiyo nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu. Nilikisoma kwa alasiri mbili, na kesho yake nikatuma aitwe. Alikuja akasimama chini ya ngazi, kandambili mkononi, hakuthubutu kupanda.

Nikamwambia, "Pale gatini umekosea. Mimi sikulia."

Akasema, akiniita kama utotoni, "Najua, Inday. Niliyelia ni mimi."

Nikamwambia apande. Alipokaa nikamuuliza lile lililonikosesha usingizi, mtoto wa kitabuni anaitwa Amparo, jina hilo amelitoa wapi, maana wangu hakupewa jina.

"Ulimpa," akasema. "Ulikuwa na homa siku zile mbili. Ulimwita Amparo, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Nilikuwa nakusubiri ulitaje tena, hukulitaja, nikaogopa nikifa litapotea."

Nilikuwa sikumbuki. Miaka ishirini na saba nilikuwa na mtoto mwenye jina, na aliyelitunza ni dada. Sitaki mdhani kwamba hasira iliniisha pale pale, haikuisha, nilimweleza kwamba bado alikosea kutoniuliza, akakubali kwamba alikosea, tukakaa. Kisha nikamwambia kitabu kinaweza kuchapwa tena kwa sharti moja, kitabuni ameandika mtoto alizaliwa Machi, na sisi ni watoto wa karani, arekebishe tarehe. Toleo la mwaka 2005 linasema tarehe 9 Februari. Kwa hiyo binti yangu Amparo ameandikwa mahali, na watoto wa shule wa mkoa huu wamesoma siku aliyozaliwa, na tangu hapo bakuli la dada sikulirudisha tupu hata siku moja.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu wa 2024, maumivu ya tumbo na mgongo, na tarehe 8 Februari madaktari mjini Iloilo walitueleza kwamba ni kansa ya kongosho na kwamba imekwenda mbali. Aliuliza kama atafika Aprili, wakasema huenda, akaomba arudishwe nyumbani. Tangu likizo zihamishwe kutoka Aprili na Mei baada ya korona alikuwa akilalamika kwamba wamemwibia watoto wake, lakini mwaka huu joto lilizidi hadi shule zikafungwa, na watoto wakajaa barazani kama zamani, akasema joto limemhurumia. Riwaya ya kumi aliianza tarehe mosi Aprili akiwa kitandani, akafika sura ya tatu, na ameacha neno kwamba asitokee mtu wa kuimalizia.

Siku zake za mwisho hakuandika, alisoma. Kuna msichana wa miaka kumi na minne, Jovelyn, wa mtaa wa wafumaji, aliyemletea hadithi yake ndefu kwenye daftari la jalada la kijani, na marehemu aliisoma kurasa chache kila siku, penseli mkononi, mpaka asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Mei, na saa tisa alasiri ya siku hiyo, wakati mji umelala, akaaga dunia mimi na Marivic tukiwa tumemshika. Daftari lilikuwa juu ya shuka, ukurasa wa thelathini na moja, mahali ambapo nyanya wa hadithi hiyo anakaribia kukata roho, na pembeni dada ameandika, "Huyu nyanya asife hapa. Bado ana la kusema." Jovelyn, mwanangu, daftari lako ninalo mimi, njoo ulichukue tukirudi kutoka makaburini.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi mjini Iloilo, waliomwambia ukweli kwa sauti ya kibinadamu, majirani waliopika kahawa na kutuchangamsha kwa karata siku zote nane za matanga, walimu wenzake, mchapishaji wake, Padri na kwaya, na wale watoto ambao kwa wiki hii nzima wamekuja kusoma barazani kimya, bila mtu kuwaambia. Jua ni kali na njia ya makaburini haina kivuli, chukueni miavuli, tumsindikize.

Manang, amani iwe nawe huko uliko, pumzika.