Maziwa Yasiyochacha ya Kamalondo

Mheshimiwa Bwana Administrateur, Monsieur Delvigne mwenye shamba na mwenye duka hili jipya la maziwa, Mapadri, Ndugu wageni waalikwa, na ninyi ba mama wa Kamalondo mlioketishwa nyuma ingawa sherehe inasemekana ni yenu: salamu.

Mimi ni Anaclet, munganga wa dispensaire, mpima uzito wa watoto wenu kwa miaka kumi na tisa. Nimeitwa niyasifu maziwa haya kabla vikombe havijagawiwa. Nitayasifu kama yanavyostahili.

Mnakumbuka mwaka jana, mkokoteni wa Monsieur ulipoanza kupita kwetu? Ba mama mlifurahi. Mmoja aliniambia, "Munganga, hii maziwa iko muzuri kabisa, siku mbili na haichachi!" Kweli, hayakuchacha. Lakini nani kati yetu alijiuliza kwa nini? Mtengeneza jibini wa Karavia alijiuliza, maana maziwa hayo yalikataa kuganda kwenye mapipa yake, akayarudisha. Ng'ombe walikuwa na uvimbe wa kiwele, Monsieur akawachoma penisilini wiki baada ya wiki, na kuwakamua siku ileile. Hongera, Monsieur, hukumwaga hata tone. Maziwa yaliyoshindwa kuwa jibini ya Wazungu yalionekana yanatosha kuwa chakula cha watoto wetu.

Dawa ile, iliyotoka pamoja na maziwa, iliua vijidudu vinavyoyachachisha. Vile vibaya zaidi, vya kwenye usaha wa kiwele, vilikwisha kuizoea, vikabaki vinajitawala.

Mwaba, mtoto wa Victorine, alikuwa na miezi minane. Alianza na jipu shingoni, kisha homa. Nilimchoma penisilini kwa mkono wangu siku sita. Siku ya saba hapakuwa na mtoto wa kuchoma. Daktari wetu alipima usaha wa jipu la Mwaba, akapima na maziwa ya mkokoteni: kijidudu kilekile, na penisilini haikukifanya kitu. Akaandika ripoti. Jibu lililoshuka kutoka juu lilisema watu wa Kamalondo hawanawi mikono.

Haya, wakubwa nimewasema. Na mimi je? Ba mama mliniuliza kama ni lazima kuchemsha, maana makala ya kuwashia jiko yalikuwa adimu. Nami, mwenye diploma ukutani, nilijibu kama mtu aliyesoma: maziwa yasiyochacha hayana vijidudu, nyweni hivyo hivyo. Moto ungeviua vyote. Victorine, uliniuliza mara mbili: "Munganga, ni kweli bila moto?" Mara ya pili nilikucheka. Mwaka mzima nimekusalimia kanisani bila kukuambia kwamba nilikosea, na aibu imenila.

Monsieur, naona umekunja uso. Kesho huenda sina kazi, na iwe hivyo.

Ba mama, vikombe vinakuja. Virudisheni vikiwa vimejaa, msinywe mpaka ng'ombe wagonjwa watengwe. Na maziwa mengine yoyote, ya mtu yeyote, yachemsheni, hata munganga akiwacheka.

Mheshimiwa, nashukuru kwa nafasi hii, ambayo najua sitapewa tena. Ba mama, asanteni kwa kunisikiliza leo. Na kwa kuwa mwaka jana pia mlinisikiliza, nisameheni.