Ishirini na Mbili ya Bi Verna

Mgeni rasmi, Mama Hedwig Reinhold, mwenyekiti wa ligi ya bastola ya kaunti yetu, mchungaji wetu, na nyinyi majirani mnaovumilia milio yetu kila Jumamosi: wanaostahili shikamoo tunawapa, wengine hamjambo.

KARIBU KWETU

Sogea karibu na jiko, Mama. Baridi ya Aprili hapa Pennsylvania haina adabu. Umekuja kutufungulia paa jipya la mstari wa kulengea. Lile la zamani lililemewa na theluji likaanguka, na tunamshukuru Mungu lilianguka Jumanne, siku ambayo hatuji. Bastola zote ziko mezani, tupu, midomo inatazama kilima. Kahawa ipo. Pai ya tufaha ipo pia, na hiyo tutaizungumzia mbele.

TULIKOTOKA

Klabu yetu ilianza na wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakibishana mlangoni mwa kanisa nani ana shabaha. Mchungaji wa enzi hizo akachoka, akawaambia wahamishie ubishi wao huku bondeni. Wakahama, na ubishi wakaja nao.

Ubishi wenyewe ni ule ule mpaka leo: bastola ya risasi gani ndiyo bora? Risasi tunaziita kwa namba ya unene wake. Ishirini na mbili ni nyembamba kuliko penseli. Arobaini na tano ni nene kama kidole. Tisa iko katikati. Ndiyo, tisa ni nene kuliko ishirini na mbili, maana moja imepimwa kwa vipimo vya Ulaya na nyingine kwa inchi zetu, na ukitaka kuelewa zaidi ya hapo utakosa chakula cha mchana.

Watu wa arobaini na tano wanasema tundu lao ni pana, risasi ikipotea kidogo bado itagusa mstari wa duara la shabaha na pointi wanapewa. Watu wa tisa wanasema risasi zao zinapatikana kila duka, teke lake mkononi linavumilika, na ukishafyatua moja, mkono unarudi upesi kwa ya pili. Wote wana lao. Ila aliyetufundisha sisi sote, wa huku na wa kule, ni Bi Verna Dietz, na sheria yake ni moja tu: hushiki yoyote kati ya hizo kabla hujaizoea ishirini na mbili.

TULICHOFANIKIWA

Yule pale aliyejificha nyuma ya nguzo ni Clyde Harnish, dereva wa lori la maziwa. Mwaka jana alikuwa wa pili kaunti nzima, kwa tisa. Lakini mngemwona alivyokuja. Alikuja na arobaini na tano mpya, inang'aa kama sahani ya harusi. Bi Verna akamwambia aiweke kando.

"Mama, mimi si mtoto," Clyde akasema. "Hii ndiyo bastola ya kiume."

"Sawa, mwanaume. Lete nikujazie."

Akamjazia, na katikati ya risasi nzima akapenyeza moja ya bandia isiyolipuka. Clyde akafyatua ya kwanza, mlio ukatetemesha madirisha. Akafyatua ya pili, kimya, lakini mdomo wa bastola ukazama chini kama kuku anayedonoa mtama. Sote tuliona. Alikuwa anaogopa teke kabla halijaja.

"Bastola haijafanya kitu," Bi Verna akasema, "wewe umeshaipigia magoti. Njoo huku baba, tuanze na ndogo."

Akaanza na ndogo, majira yote ya kiangazi. Mkono ukaacha kuogopa. Basi, Mama, ukituuliza mafanikio yetu ni nini, ni watu wa namna hiyo. Kikombe kimoja pia tunacho, kipo juu ya friji.

KINACHOTUKWAMISHA

Tuna kasha zima la risasi za unene wa arobaini. Tulilinunua kwenye mnada kwa sababu lilikuwa rahisi, tukalibeba watu wanne, tukafika hapa ndipo tukagundua hakuna hata mmoja wetu mwenye bastola ya arobaini. Sasa linazuia mlango usipigwe na upepo. Hilo ni letu, hatukulaumu.

Lililo zito ni hili. Ligi imetangaza kwamba kuanzia mashindano ya vuli, ishirini na mbili haitaruhusiwa, kwa sababu haina nguvu ya kuangusha zile sahani za chuma mnazosimamisha kuwa shabaha. Ni kweli haina. Tumeipiga sahani yenu, ikatoa mlio kama kengele ya baiskeli na haikutingishika.

Bi Verna alisikia, hakulalamika. Akaazima tisa ya Clyde, akafanya nayo mazoezi msimu wote wa baridi. Ana miaka sabini na sita, na viungo vya vidole vinamuuma. Mwezi wa pili, kwenye karamu ya kanisa, alishindwa kushika uma. Akatuambia ameungua kwenye jiko. Sisi tunalijua jiko lake, ni la umeme, na siku ile umeme ulikatika kijiji kizima.

Wiki iliyopita akasema basi, vuli hatalenga tena, atakuja kutuokea pai. Mama, umeiona ile pai mezani, ndiyo yake. Tunaomba kwa ajili yake, na kidogo kwa ajili ya matumbo yetu.

TUNACHOOMBA

Tunaomba kundi la ishirini na mbili libaki, lenye shabaha zake za karatasi na hesabu yake ya pointi. Bi Verna asishindane na tisa, wala asipewe kikombe cha bure. Karatasi tutazigongelea wenyewe, na Clyde amejitolea kuzikusanya.

Lingine ni dogo, na linataka haraka. Bi Verna hajui kwamba haya yamo kwenye risala. Tumemtuma kule ghalani akatafute ufunguo, na ufunguo tunao mfukoni. Tunamwona anarudi, amekasirika. Akifika, kama jibu lako ni ndiyo, usimwambie tulimwombea. Mwambie ligi inatafuta mwenye uzoefu wa ishirini na mbili, na wewe umekosa wa kumtegemea.

Barabara ya kurudi iwe kavu, Mama, nyumbani ukute wazima, na mkono wako usitetemeke kamwe.

Ni sisi wako,
Wanachama wa Klabu ya Bastola ya Stumpf Hollow