Bushi na Shemeji

Mshonaji aliyekaa nyuma yao kwenye basi hakukusudia kusikiliza, lakini mwenye miwani hakujua kunong'ona. Mapajani alipakata mkono wa gari, chuma kinachoshika tairi, na kwenye chuma hicho kulikuwa kumeng'ang'ania kifaa kipya kinachometameta.

"Kazi yake ni kutoa bushi, huu mpira wa ndani ya tundu," alimweleza abiria wa pembeni. "Nilikinunua nisimpigie magoti shemeji yangu fundi. Sasa bushi haitoki, na kifaa nacho hakitoki!"

"Labda ni feki, kaka."

"Feki tupu! Nimekaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Na kesho mama mkwe anatoka hospitali, gari liko juu ya mawe."

"Si umwambie tu shemeji?"

"Nitaanzia wapi? Nilimcheka mbele ya ukoo mzima, nikasema ufundi ni vifaa tu."

Mshonaji akauma ncha ya mtandio asicheke. Abiria aliugeuza ule mkono, akachungulia tundu. "Samahani, kaka. Bushi hii ina ukingo upande mmoja. Huo ukingo haupiti hapa hata uite jeshi. Uliisukuma kutokea upande gani?"

Mwenye miwani akavua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Kifaa ni kibovu," akasema.

"Kifaa au wewe?"

Basi likasimama mbele ya gereji. Mlangoni alikuwepo mwanamume wa ovaroli, mikono kiunoni, tayari anacheka.

"Mke wangu ameshampigia simu," akasema mwenye miwani, na safari hii alinong'ona.